Mgonjwa wa Nje Amebadilika: Je, Anayemlipia ni Nani?

Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, siku ya kliniki ya shinikizo la damu na kisukari hutambulika kabla hata ya kufika dirishani. Mabenchi hujaa mapema, na wengi wa waliokaa ni watu wa miaka hamsini na kuendelea, mkononi wameshika daftari la shule lililokunjika pembe, ndani yake mna vipimo vya mwezi uliopita na vya mwezi wa kabla yake. Hawakuja kwa sababu wamezidiwa. Wamekuja kwa sababu tarehe imefika na vidonge vimebaki viwili au vitatu. Mwezi ujao watarudi, mwaka ujao watarudi, na wakijaliwa umri watakuwa wakirudi kwa miaka ishirini.

Idara ya wagonjwa wa nje haikujengwa kwa ajili ya mgonjwa wa namna hii. Ilijengwa kwa ajili ya mtoto mwenye homa: anafika mgongoni mwa mama yake, anatolewa damu ya kidoleni, anapewa dawa ya malaria ya siku tatu, na baada ya wiki moja amesahau kwamba aliugua. Utaratibu mzima, tangu dirisha la kadi hadi dirisha la dawa, unamchukulia mgonjwa kuwa mtu wa kupita. Hata namna ya kulipia ilipangwa hivyo: ukiugua unalipa, ukipona yamekwisha.

Mtoto yule bado yupo, wala asipuuzwe. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba zaidi ya watu 40 katika kila 100 nchini ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini hali yake imebadilika. Katika utafiti wa mwaka 2008, watoto 18 hivi katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 8. Vifo vya watoto wa umri huo vilishuka kutoka 112 katika kila vizazi hai 1,000, kwa utafiti wa 2004/05, hadi 43 mwaka 2022. Watoto waliookoka katika miaka ya nyuma wamekuwa watu wazima, na wazazi wao wameingia uzeeni.

Hapa pana jambo ambalo hukosewa mara nyingi katika vikao. Husemwa kwamba taifa linazeeka, na ndiyo maana kliniki zimejaa. Takwimu hazisemi hivyo. Mwaka 2012 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.6 ya Watanzania. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 5.7. Uwiano umesimama karibu palepale. Kilichobadilika ni idadi: kutoka takriban milioni 2.5 hadi takriban milioni 3.5, kwa kuwa watu wote waliongezeka kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7 katika miaka hiyo kumi. Benchi la kliniki halijui asilimia. Linajua ni watu wangapi wamekuja kukaa.

Na si wazee peke yao. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliopima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 26 katika kila 100 wana shinikizo la juu la damu na takriban 9 wana kisukari. Huo ni umri wa mtu ambaye bado analima, anafundisha, anaendesha bodaboda au anauza sokoni. Wengi wao hawakuwa wakijua hali yao, maana shinikizo la damu haliumi. Mtu hulijua siku anapopimwa kwa sababu nyingine, au siku upande mmoja wa mwili unapokataa kunyanyuka.

Tangu matibabu ya bure hadi kadi

Ili kuelewa ugumu wa sasa, yafaa kurudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika vituo vya umma yalitolewa bila malipo, na mwaka 1977 hospitali za binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991. Mwaka 1993 Serikali ilianza mfumo wa uchangiaji wa gharama katika hospitali kubwa, kisha ukashuka ngazi kwa ngazi. Malipo ya papo kwa papo yakaingia, pamoja na misamaha kwa makundi maalumu.

Mwaka 1996 Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ilichaguliwa kujaribu njia ya tatu: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, kabla ya kuugua, ipate kadi ya kutibiwa. Huo ndio mwanzo wa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliopewa sheria yake mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kuhudumia watumishi wa umma kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu akilipa mtumishi na nusu mwajiri.

Kati ya mwaka 2018 na 2019 Mfuko wa Afya ya Jamii uliundwa upya. Kaya ya watu wasiozidi sita iliwekewa ada ya shilingi 30,000 kwa mwaka nje ya Dar es Salaam, na kadi ikawa na uwezo wa kumfikisha mgonjwa, kwa rufaa, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo awali kadi iliishia katika kituo alichojiandikisha mwanachama. Aliyehamia kijiji cha pili kwa msimu wa kilimo alikuwa kama hana kitu. Mwishoni mwa mwaka 2023 ikapatikana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima, na inayoanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo kutokana na vyanzo kadhaa, ikiwamo sehemu ya ushuru wa bidhaa kama vileo, vipodozi na vinywaji vyenye gesi.

Sheria ni hatua kubwa. Lakini sheria haiwezi kubadili hesabu, na hesabu ndiyo somo lenyewe.

Hesabu ya kijiji cha kaya mia moja

Tuchukue kijiji cha kufikirika chenye kaya 100. Tarakimu zinazofuata zimewekwa kwa ajili ya kujifunzia tu. Tuseme kaya 10 kati ya hizo zina mtu mwenye presha au kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi, na kila hudhurio, yaani kumwona mganga, kipimo na dawa, hugharimu shilingi 10,000. Kila kaya ya namna hiyo hugharimu shilingi 120,000 kwa mwaka. Zote kumi, shilingi 1,200,000. Kaya 90 zilizobaki huugua magonjwa ya kawaida na kwenda kituoni mara mbili kwa mwaka, sawa na shilingi 20,000 kila moja. Zote pamoja shilingi 1,800,000. Jumla ya gharama za kijiji ni shilingi 3,000,000.

Kaya zote 100 zikilipa shilingi 30,000, zinapatikana shilingi 3,000,000. Gharama imelipwa. Kaya yenye mgonjwa imeepushwa na mzigo wa shilingi 90,000, na kaya yenye afya imetoa shilingi 10,000 zaidi ya ilichotumia.

Sasa tuseme kaya 30 tu ndizo zilizojiunga. Kaya kumi zenye wagonjwa hazitakosa kuwamo. Mwenye presha haambiwi mara mbili. Makusanyo ni shilingi 900,000. Matumizi ni shilingi 1,200,000 za kaya kumi, na shilingi 400,000 za kaya ishirini zenye afya: jumla shilingi 1,600,000. Pengo ni shilingi 700,000.

Mtu atasema: basi ada ipandishwe. Ili pengo lizibwe, kila kaya italazimika kulipa zaidi ya shilingi 53,000. Kaya zenye afya, ambazo zingetumia shilingi 20,000 tu dirishani, zitapiga hesabu zao na kujitoa. Zitabaki kumi zenye wagonjwa, na ada itakayotosha kuwatibu ni shilingi 120,000 kila moja, yaani kiasi kilekile ambacho wangelipa dirishani bila kadi. Hapo bima imekufa, ingawa bado ina ofisi na daftari.

Mfano huo umerahisishwa mno. Haukuhesabu gharama za uendeshaji wala mtu mmoja aliyehitaji kupasuliwa, wala haukuhesabu ruzuku ya Serikali iliyojulikana kwa jina la Tele kwa Tele, ambayo iliongezwa juu ya michango ya wanachama. Lakini mwenendo wake ni wa kweli na umeshaonekana nchini. Mwezi Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya Kadi, ambao ada yake ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walikuwa wakimsajili mtoto baada ya kuugua, na ndugu zake wazima wakiachwa nje. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kumtafutia matibabu mwanawe anayeumwa; hata hivyo, mfuko unaopokea wagonjwa peke yao hauna mahali pa kupata fedha za kuwatibu.

Swali gumu kwa Halmashauri yoyote, kwa hiyo, si namna ya kumshawishi mgonjwa. Ni namna ya kumshawishi kijana wa miaka 28 ambaye hajaingia hospitali tangu utotoni. Na hapa maafisa waandikishaji hukutana na jibu moja katika kila kijiji: fedha zipo msimu wa mavuno, nao wanakuja wakati wa palizi. Shilingi 30,000 kwa mkupuo mwezi Februari ni mlima kwa mkulima wa pamba au korosho. Fedha hizohizo, wakati malipo ya mazao yanapopita katika chama cha msingi, ni jambo la kuzungumzika. Kalenda ya uandikishaji inayofuata mwaka wa fedha wa Serikali badala ya mwaka wa mkulima imejiwekea kikwazo chenyewe.

Msamaha nao una gharama

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 zinatambua kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito nao wamo katika msamaha. Ni uamuzi wa utu, na dirisha la wazee katika hospitali ni mojawapo ya mambo ambayo wananchi wengi huyataja kwa shukrani.

Tatizo ni kwamba msamaha huandikwa kwenye kadi ya mgonjwa, lakini kidonge hununuliwa kwa fedha. Mgonjwa wa bima anapotibiwa, hospitali hupeleka madai na kulipwa. Mgonjwa wa papo kwa papo huacha fedha dirishani. Mgonjwa wa msamaha haachi chochote, na gharama yake hubebwa na ruzuku ya Serikali, na Mfuko wa Pamoja wa Afya, na kwa sehemu kubwa na yale yaliyokusanywa kutoka kwa wale wawili wa kwanza. Wagonjwa wa msamaha walipokuwa wengi wao watoto wenye homa ya siku tatu, mzigo ulibebeka. Sasa wanapoongezeka wazee wenye dawa za kila mwezi, mzigo ni mwingine.

Pana pia tofauti ambayo haizungumzwi sana. Mtumishi wa umma anaweza kumwandikisha mzazi wake, au mzazi wa mwenzi wake, kuwa mtegemezi katika bima. Hivyo wazee wawili majirani, wenye umri mmoja na ugonjwa mmoja, hufika kliniki moja wakiwa na hadhi mbili. Mmoja alimsomesha binti akawa mwalimu. Ana kadi, na dawa isipokuwapo hospitalini hupelekwa duka la dawa lenye mkataba. Mwingine watoto wake ni wakulima au wametafutia maisha mjini bila ajira rasmi. Ana barua ya mtendaji wa kijiji. Dawa isipokuwapo, huandikiwa akanunue.

Fedha za kadi huenda wapi

Malalamiko yanayosikika kuliko yote kuhusu kadi ni kwamba kadi ipo, dawa hakuna. Malalamiko hayo ni ya haki, na mwananchi anayeacha kuhuisha kadi kwa sababu hiyo ana hoja. Lakini yafaa kujua dawa hufikaje dirishani.

Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa. Bohari isipokuwa na aina iliyoagizwa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji wa binafsi aliyeteuliwa kwa ushindani katika mkoa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenea nchini. Ili kununua kwa mshitiri, fedha lazima ziwe katika akaunti ya kituo, na chanzo kikubwa cha fedha hizo ni bima na uchangiaji. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, vituo hupokea fedha za Serikali moja kwa moja katika akaunti zao, na zahanati yenye wanachama wachache hubaki kutegemea fungu hilo peke yake. Likichelewa, rafu hukaa tupu.

Ndiyo kusema wananchi hawajiungi kwa kuwa dawa hazipo, na dawa hazipo kwa sehemu fulani kwa kuwa wananchi hawajiungi. Wa kwanza kuvunja mduara huo hawezi kuwa mwananchi. Kumtaka mkulima alipie leo dawa ambazo jana alizikosa ni kumtaka imani ambayo kituo hakijaistahili. Kituo kinachotaka wanachama huanza kwa kuhakikisha dawa chache za magonjwa ya kudumu, kama amlodipini na metformini, hazikatiki, hata kama rafu nyingine zina upungufu. Hizo si dawa ghali ukilinganisha na nyingi nyingine, na ndizo zinazomrudisha mtu yuleyule dirishani kila mwezi akashuhudia.

Upande wa madai nao una mianya yake. Fomu isiyo na sahihi ya mgonjwa, au dawa isiyolingana na ugonjwa ulioandikwa, au dawa iliyotolewa na kituo kisicho na ngazi ya kuitoa, huweza kukatwa wakati wa uhakiki. Huduma imeshatolewa, kidonge kimeshamezwa, lakini fedha haziji. Mganga mmoja anayeona wagonjwa wengi peke yake siku ya kliniki ndiye huyohuyo anayejaza fomu, na saa nane mchana mwandiko wake hauwi ule wa saa mbili asubuhi.

Mlango wa jirani

Katika korido hiyohiyo ya wagonjwa wa nje, pengine mlango wa pili tu, ipo kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mpango wa taifa wa dawa hizo ulianza mwaka 2004. Mgonjwa wa pale naye ni wa maisha yote. Ana kadi yenye tarehe ya kurudi, asipotokea hutafutwa, na aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mpigo badala ya kuja kila mwezi. Halipi chochote.

Kwa hiyo utaalamu wa kumtunza mgonjwa wa kudumu si mgeni wilayani. Wauguzi wanaufahamu, madaftari yake yapo. Tofauti ni kwamba dawa za mlango ule zililipiwa kabla, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili, na za mlango huu hakuna aliyezilipia kabla. Mwenye presha akikosa nauli na fedha ya dawa kwa miezi mitatu, hakuna anayegundua hadi aletwe kwa kiharusi, naye sasa si mgonjwa wa nje tena. Atalala wodini wiki kadhaa, na mtu mmoja nyumbani ataacha shamba ili amhudumie.

Nauli yenyewe, katika kata zilizo mbali na hospitali, mara nyingi huzidi bei ya vidonge. Mgonjwa ambaye shinikizo lake limetulia hana sababu ya kusafiri kilomita arobaini ili kupimwa kwa mashine ambayo zahanati ya kijiji chake inayo. Anaweza kupimwa na kupewa dawa hukohuko, akaonana na daktari wa hospitali mara moja au mbili kwa mwaka. Hilo linahitaji zahanati iwe na akiba ya dawa hizo, mashine iwe na betri, na orodha ya wagonjwa ihamishwe kwa jina. Mpango wa manunuzi wa kila zahanati hujadiliwa na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake kadhaa ni wanakijiji waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Mapato na matumizi ya kituo hutakiwa kubandikwa ubaoni. Mwenye daftari lililokunjika pembe anaweza kuanzia hapo: kuuliza katika mkutano ujao wa kijiji ni wanachama wangapi waliohuisha kadi, ni kiasi gani kilichoingia kutokana nao, na kama vidonge vyake vimo katika oda inayofuata.